Mama Edina Kala Mchana Juu ya Lukuledi

Jumamosi ile, saa saba mchana, benchi la Adinani muuza kahawa, nyuma ya soko la Nachingwea, lilikuwa na watu watatu na maneno ya watu thelathini. Alikuwepo Sadiki, fundi redio, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Alikuwepo Teofili, mkulima wa ufuta wa Mandawa, jina lake Tani Kumi, maana kila anachosimulia hakipungui uzito huo. Katikati yao kakaa Saturnini, dereva mstaafu wa malori ya korosho, Mzee Breki. Habari ya siku ilikuwa mkewe. Binti yao Edina, mkazi wa Lindi, aliwakatia wazazi wake nafasi mbili kwenye boti inayopandisha mto Lukuledi, abiria wakila chakula cha mchana humo humo majini. Mama kaondoka na basi la alfajiri. Mzee alikataa, akasingizia mgongo. Nafasi yake kaichukua Getruda, muuguzi mwenzake Mama tangu enzi za hospitali ya Mnero.

— Lukuledi upi lakini? alianza Profesa. Huu wetu, ambao mwezi wa kumi tunafukua mchanga kutafuta ndoo moja ya maji?

— Huo huo, Mzee Breki alijibu, kifua kimemtuna bila yeye kutaka. Kule chini karibu na Lindi ni mpana. Edina anasema mtu wa ng'ambo unamwona kama njiti ya kiberiti.

— Basi nimeshaelewa. Huku kwetu unapita chini kwa chini, ukifika kule ndiyo unaibuka. Mficha uchi hazai!

— Inaingiaje hapo?

— Mto umejificha, ndiyo maana huku hauzai samaki. Tumia akili.

Tani Kumi akasogeza kikombe.

— Mimi namkubali nahodha. Boti ya chakula siyo bodaboda. Nasikia wanampima kwa bakuli la mchuzi: likimwagika tone moja, kazi hana.

— Hapo kuna udereva, alisema Mzee Breki, na alisema kwa moyo wake wote.

— Na ule upepo wa maji unafungua tumbo, Profesa akadakia. Mtu wa vijiko vitano, kule anapiga sahani tatu.

— Samaki nao wanajua saa ya kula, Tani Kumi akaongeza. Wanasogea wenyewe. Unanyoosha kidole tu, mpishi anamchota.

— Aje mwenyewe kufa?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Walicheka mpaka Adinani akaiweka birika chini. Mzee Breki naye alicheka, ila mgongo wake ulikuwa mzima kama wa kijana. Alichoogopa ni ile siku yenyewe. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, yeye barabara ya Mtwara, mkewe zamu za hospitali. Huyu akirudi, yule anatoka. Alipostaafu akahamia kwenye benchi hili. Kukaa ana kwa ana na mkewe kutwa nzima, hakuna mzigo wa kupeleka wala mgonjwa wa kuuguza, wangeongea nini?

— Saa hizi anakula kamba, alisema Profesa.

— Kaa! Kaa mkubwa kama ungo!

— Pilau ya kuku. Boti ya heshima haiwezi kukosa pilau.

Msichana mmoja alikuwa amesimama akinunua kashata. Jina lake Eva, mwalimu, anasubiri gari la Ruangwa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba!

— Samahani, nimewasikia. Huyo mama, yeye mwenyewe anapenda chakula gani?

Wote wakamgeukia Mzee Breki. Alikumbuka sahani yake mwenyewe, jinsi mkewe anavyoitenga mbele yake, minofu juu. Sahani ya mkewe hakuikumbuka. Profesa alichungulia ndani ya kikombe. Tani Kumi hakuwa na hata kilo moja.

Mzee Breki akainuka, akatoa simu, akasogea hadi penye ukuta wa soko.

— Mama Edina.

— Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna. Nauliza tu. Unapenda kula nini?

Akasikia maji yakipiga ubao, na Getruda akicheka kwa mbali.

— Saturnini, umekunywa nini huko?

— Kahawa.

Akacheka sana, kicheko kirefu ambacho mumewe hakuwa amekisikia siku nyingi.

— Pweza, alisema. Tangu nasomea uuguzi Lindi. Wewe ulisema mdudu huyo usimwone nyumbani kwako, basi nikaacha. Leo nimekula sahani mbili.

— Nilisema hivyo?

— Mwaka wa kwanza. Lakini ungekuwepo uone! Mikoko imeinamia maji huku na huku. Ndege weupe wamejaa juu yake, ungedhani mtu kaanika shuka. Nahodha kazima injini, tunaelea tu, hata nguo ikidondoka utaisikia. Nimevua viatu.

— Halafu?

— Halafu nini?

— Endelea kusema.

Akaendelea. Benchi lilimwita mara mbili, kahawa inakwisha, na yeye akawapungia mkono wanyamaze. Akachuchumaa kivulini, kiganja kimeziba sikio la pili.

— Hao ndege, Lusiana, aliuliza, akimwita mkewe kwa jina lake. Hebu niambie, miguu yao ikoje?