Mwalimu Hafidh Shaame Mjaka, Aliyerudisha Nyimbo kwa Mwenyewe

Wazee wetu, mashehe, ndugu na majirani wa Vitongoji: shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuazima Mwalimu Hafidh kwa miaka sabini na minne, na Jumatano iliyopita akamtaka mja wake. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa leo, siku ya hitima, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, na mdogo wake, Vuai Shaame. Marehemu alikuwa hapendi maneno ya kupamba. Tumejitahidi kujizuia, na pale tulipoteleza tunamwomba radhi.

Alizaliwa hapa Vitongoji tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Shaame Mjaka na Bi Mwanamize Vuai. Tarehe hiyo aliitafuta mwenyewe. Baba akisema kazaliwa msimu wa karafuu, mama akisema karafuu zilikuwa zimekwisha kuanikwa na kuuzwa, na yeye hakuridhika na yeyote hadi alipoikuta imeandikwa kwa mkono wa babu yetu, nyuma ya msahafu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Alianza chuoni, akahitimu Qur'ani, kisha akasoma skuli ya hapa kijijini na baadaye Chake Chake. Darasani alibishana na mwalimu wake wa jiografia juu ya jina la kisiwa kidogo lililokosewa ramanini. Alichapwa, na ramani ikasahihishwa wiki iliyofuata. Mwaka 1970 alikwenda Unguja kusomea ualimu, akamaliza mwishoni mwa 1972.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Makangale, Januari 1973. Alifundisha Kiswahili na jiografia, na huko ndiko alikopata msemo uliomganda maisha yake yote. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, watu wote wanajua," yeye hujibu, "Watu wote hawana jina. Niletee mmoja mwenye jina." Mwaka 1979 alihamishiwa Wambaa, akakaa miaka kumi na moja, kisha akarudi Chake Chake hadi alipostaafu mwaka 2011. Wapo humu msikitini wenye ndevu nyeupe ambao bado wakimwona walikuwa wakificha sigara.

Tarehe 6 Juni 1981 alimuoa Bi Rahila Nassor wa Wambaa. Katika barua yake ya posa aliandika majina ya watu watatu wa kuulizwa tabia zake, na mmoja wao alikuwa mtu asiyepatana naye hata kidogo. Bi Rahila anasema baba yake alicheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe: "Huyu mpeni mke, hana la kuficha." Walijaaliwa watoto wanne.

Baada ya kustaafu, mwanawe Ashraf alimletea kompyuta ya mkononi ili apate kusoma magazeti. Hakusoma magazeti. Alijiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea na kusomwa bure duniani kote, akaanza kuviandika vijiji vya Pemba kimoja kimoja. Kisha akaingia kwa watunzi wa taarabu, na huko hakutoka tena. Makala aliyojivunia kuliko zote ilimhusu marehemu Masoud Khatibu, mwimbaji wa Wambaa na rafiki yake. Aliiandika mwaka 2017 na kumtaja Masoud kuwa mtunzi wa nyimbo kumi na moja.

Mwaka 2023 alimpata mwanafunzi wake wa mwisho. Yumna, binti wa shemeji yake, ni mshonaji wa nguo Chake Chake, na alitaka naye kuandika juu ya watunzi. Rasimu yake ya kwanza ilianza, "Gwiji asiye na mfano." Mwalimu akavua miwani.

"Gwiji, kampima nani?"

"Si watu wote wanajua, mjomba?"

Bi Rahila, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, anasema alimwonea huruma yule mtoto. Saa nzima alifundishwa. Sifa ziondoke, kazi zibaki. Aliyetunga maneno aandikwe mbali na aliyetia muziki, na wote wawili mbali na aliyeimba. Kila sentensi ioneshe imetoka wapi. Usimwandike ndugu yako wala rafiki yako, kwa sababu mapenzi hayaoni kosa. Yumna aliyashika yote, ila hili la mwisho lilimshangaza, maana alijua Masoud alikuwa nani kwa mwalimu wake. Kwa adabu hakusema.

Januari 2024 Yumna alikwenda Wambaa kumpima nguo mjane wa aliyekuwa katibu wa kikundi cha taarabu. Kwenye rafu aliona daftari la mikutano ya kikundi kuanzia mwaka 1968, akaomba kulitazama. Zamani zile, nyimbo ya mwanamke ilipelekwa kikundini na kaka yake au mumewe, yeye mwenyewe hakuingia ukumbini. Daftari lilimwandika mleta nyimbo na mtungaji pia. Na kwa zile nyimbo kumi na moja katibu alikuwa ameandika kila mara: imeletwa na Masoud Khatibu, mtungaji ni dada yake, Mwanabaraka, ameomba jina lisisomwe. Mwalimu alikuwa ametegemea kijitabu cha sherehe za kikundi kilichotaja waleta nyimbo tu. Aliyeleta akamfanya aliyetunga, kosa ambalo mtu aliyeishi Wambaa miaka kumi na moja hakutakiwa kulifanya.

Yumna alimletea picha za kurasa. Mwalimu alizisoma, akafunga kompyuta, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakulizoea. Siku tisa hakuandika neno. Alikuwa amekwisha kuambiwa na madaktari, tangu mwaka 2022, kwamba figo zake zinadhoofika, na Bi Rahila alimsikia baada ya sala akiomba asiondoke duniani na haki ya mtu shingoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msemo huu aliowafundisha watoto wa watu ubaoni sasa ulimgeukia yeye.

Siku ya kumi alimwomba Ashraf ampeleke Wambaa. Bi Mwanabaraka, wakati huo ana miaka themanini na moja, alimpokea barazani. Mwalimu alimweleza kosa lake pasipo kulipunguza, akamwomba radhi, kisha akamuuliza kama anaridhia jina lake kutajwa, maana mwenyewe ndiye aliyetaka lisisomwe.

"Miye n'kimwogopa baba," alisema Bi Mwanabaraka. "Baba kafa mwaka sabiini na tisa. Tangu hapo hapana ntu alokuja kun'uliza."

Kisha akaziimba mbili, kwa sauti nyembamba, na Mwalimu akalia mbele ya mwanawe.

Tarehe 19 Februari 2024 alilisahihisha kosa kwa mkono wake na akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Nilikosea. Niliyemwandika alikuwa rafiki yangu." Lakini makala mpya juu ya Bi Mwanabaraka wahariri wenzake waliikataa: daftari lililo kwenye rafu ya mtu, walisema, msomaji wa mbali hawezi kulikagua. Yumna alikasirika. Mwalimu akamwambia, "Wana haki. Mimi ningewakatalia." Wakaanza upya. Redio ya jamii ilimhoji bibi, mahojiano yakahifadhiwa mtandaoni, na kurasa za daftari zikachapwa katika jarida la utamaduni. Mwalimu alikataa kuiandika makala hiyo, akisema mwenye kosa hafai kuwa hakimu. Aliiandika Yumna, na ikapokelewa tarehe 3 Mei 2025.

Wakati huo Mwalimu alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliisoma kitandani, akarekebisha nukta moja, akasema imetosha. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, Bi Rahila akiwa amemshika mkono, na akazikwa hapa Vitongoji baada ya sala ya alasiri.

Ameacha mjane, Bi Rahila, watoto wanne, Ashraf, Mwanaasha, Fahmi na Safaa, wajukuu kumi na mmoja, ndugu watatu, na Yumna, ambaye wiki hii ameanza kumfundisha mwanafunzi wake wa kwanza.

Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, tuliuliza, kama ilivyo ada yetu, iwapo kuna mwenye dai kwa marehemu. Sauti ikatoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Bi Mwanabaraka alikuwa amekuja kutoka Wambaa tangu asubuhi. "Alichukua cha kwangu kwa kutojua, karudisha kwa mkono wake, na miye nikiona," alisema. "Mwacheni ende."

Tukamwinua. Mola wetu, mpokee Hafidh na umlaze pema. Hana haki ya mtu. Amin.