Mizani ya Mama Atuganile Haijachakaa

Mama Atuganile Mwasomola anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia Ghala la Wakulima la Upendano, hapa Uyole, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Alianza akiwa karani wa vitunguu, anamaliza akiwa mpima mizani. Katika muda huo wote amekosa kufungua mlango mapema mara mbili tu, na moja kati ya hizo alikuwa anajifungua.

Katibu wetu, Mzee Sosthenes, ndiye aliyeniambia niandike wasifu huu wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Alisema mwandiko wangu unasomeka, na tangu Januari, baada ya kumaliza kidato cha nne, mimi ndiye ninayemshikia Mama daftari la mizani. Aliagiza ziwe kurasa mbili, ziwe za furaha, na mwishoni niweke sentensi moja: kwamba Mama anastaafu pamoja na mizani yake, kwa kuwa imechakaa, na kuanzia tarehe 1 Julai itawekwa stoo.

Kurasa mbili hizi hapa. Furaha nimejitahidi. Sentensi hiyo sikuiandika, kwa sababu si kweli. Shikamooni wazee wangu, nawaheshimu, lakini nimekasirika, na nikisimama kusema mbele yenu nitalia kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naandika.

Mama alizaliwa Tukuyu mwaka 1965. Machi 1994 ghala lilimwajiri na kumpeleka Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, ambako wakati ule tulinunua vitunguu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia na kuandika. Huko ndiko alikokutana na lumbesa.

Kwa watoto waliokuja leo kula keki na hawajui: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likakanyagwa kwa miguu, likajazwa tena, kisha likashonewa juu kipande cha gunia jingine mpaka linavaa kilemba. Mkulima anahesabiwa gunia moja. Ndani mna gunia moja na theluthi. Wakubwa mnajua. Wengine mna ufundi nalo.

Msimu wake wa kwanza, mjane mmoja aliyeitwa Matilda alileta vitunguu ambavyo yeye mwenyewe, kwa debe lake, alikuwa amevipima shambani vikafika magunia kumi na tano. Wajazaji walipomaliza kukanyaga yakawa kumi na moja. Matilda hakupiga kelele. Alimwambia karani, "Andika tu, mwanangu. Mwaka jana walinifikisha kumi." Mama akaandika kumi na moja. Amenisimulia hilo mara nne tangu Januari, na kila mara anautazama mkono wake wa kulia kama vile wino bado uko. Jumapili iliyofuata, anasema, alikaa kwenye benchi la nyuma na hakwenda mezani pa Bwana. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza.

Alihamishiwa Uyole mwaka 1998, na kuanzia mwaka huo akaomba mizani. Aliomba katika kila mkutano kwa miaka mitatu, mara zote kwenye kipengele cha "Mengineyo", wakati wajumbe wamekwishashika kofia zao. Inasemekana mwenyekiti wa wakati ule alipoona Mama anainua mkono alifunga mkutano kwa sala. Mama alisubiri waseme amina, akaendelea. Mwaka 2001 mizani ikaja, ya chuma, ya jukwaa, na pamoja nayo jiwe la kilo ishirini.

Sasa nieleze jiwe, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike hivi. Kila asubuhi, kabla ya gunia lolote, Mama humwita mkulima aliyefika wa kwanza. Hambebei. Humwambia, "Weka mwenyewe." Mkulima analiinua jiwe, analiweka kwenye mizani, anasoma kwa sauti: ishirini. Kama hajui kusoma, Mama anamtafuta mtu mwingine amsomee, hasomi yeye. Halafu jina la yule mkulima linaandikwa juu ya ukurasa wa siku hiyo kama shahidi. Nimefungua madaftari yote tangu 2001. Hakuna ukurasa usio na shahidi.

Na Jumatatu, baada ya jiwe, anapanda yeye. Anasoma uzito wake mbele ya watu wote, wapakiaji wakiwemo. "Themanini na moja. Jana kulikuwa na harusi." Wapakiaji wanapiga makofi. Wiki ile aliyoumwa malaria alisoma sabini na nne, akasema angalau kuna kitu kimefaidika. Mimi nilidhani ni utani tu. Siku moja alinieleza: "Mtu akiona sijionei haya mwenyewe, ataamini simfichi na yeye."

Si kwamba hakukosea. Machi 2017, mvua zikiwa kali, tope liliganda chini ya jukwaa la mizani na magunia yakawa yanasoma pungufu kilo mbili. Mama aliligundua saa sita mchana aliporudia jiwe, likasoma kumi na nane. Wakulima tisa walikuwa wamekwishaondoka. Angeweza kukwangua tope na kunyamaza. Nani angejua? Jumapili, baada ya matangazo, alisimama kanisani akasema, "Alhamisi niliwapunja watu tisa. Nawataja." Akawataja kwa majina, na magunia ya kila mmoja, na wiki hiyo akapanda milima kwa mguu nyumba kwa nyumba na daftari kwapani kusahihisha kilo zao. Mzee Joachim, aliyekuwa wa saba, anasema alimwona mwanamke anapanda kilima kwenye mvua, akamwambia mkewe, "Weka maji, kuna msiba." Alipoambiwa ni kilo nane, alicheka mpaka mbwa akabweka.

Wengine hawakucheka. Walisema amelidhalilisha ghala mbele ya usharika. Nimejaribu sana kuelewa hilo. Kuwapunja watu tisa halikuwa jambo la aibu. Kulisema ndiyo ikawa aibu.

Ndugu yake wa tumbo moja, Lusekelo, ni dalali wa viazi. Mwaka 2019 alileta lori na wajazaji wake, akataka wajaze lumbesa uani kwetu, "mara moja tu, dada, mteja wa Dar anasubiri." Mama akamwambia mizani ile pale, apime kilo mia mia kama wengine. Lusekelo akaondoka na lori tupu, na mwaka uliofuata akamwoza binti yake bila kumwalika dada yake. Mama, shangazi wa bibi harusi, alisikia vigelegele kutoka barabarani akienda sokoni. Jumatatu alipanda mizani kama kawaida. "Sabini na saba," alisema. Siku hiyo hakuongeza utani.

Hapo ndipo mlipoanza kumwita Mama Gramu. Mimi nilikuwa shule ya msingi na nilimwita hivyo pia. Naomba radhi hapa, kwa maandishi. Lakini wakubwa mlimwita hivyo mkitoka kwenye kwaya. Mlimwita hivyo hata ninyi ambao viazi vyenu vilikuwa vinapimwa kwa haki kwa sababu yake. Mkulima analalamika lumbesa inamuua, halafu dalali akimpigia simu anatafuta uzi na kipande cha gunia mwenyewe.

Kila asubuhi tunafungua ghala kwa sala. Mzee Sosthenes anaomba, na anaomba vizuri, sisemi uongo. Tunamwomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu. Lakini mwaka huu nimewasikia watu wazima wakisema amina na papo hapo wakiulizana lini tutaruhusiwa kurudi kwenye kazi ya miguu. Wanaokanyaga gunia ni Wakristo. Wanaoshona kilemba ni Wakristo. Siku ya mavuno wanaleta kikapu cha sadaka kimejaa mpaka kinamwagika, kwa Mungu hawapunji. Mama alishawahi kusema hivi, tukiwa tunafagia: "Mungu haangalii kikapu tu, mwanangu. Anauliza na gunia ambamo sadaka ilitoka."

Tarehe 12 Juni kamati ilikaa. Nilikuwepo, nikigawa chai. Ilikubaliwa kwamba Mama akishaondoka ghala litanunua kwa gunia "kama wenzetu wote". Nilimfuata Mzee Sosthenes nje nikamuuliza kwa nini basi niandike kwamba mizani imechakaa. Hakunifokea. Alinijibu kama baba.

"Yusta, malori yanapita hapa yanakwenda ghala la jirani. Madereva wanataka gunia, hawataki kilo. Sasa tutakula uaminifu?"

Nikasema, "Basi niandike hivyo, baba. Kwamba malori yanapita."

"Hiyo haiandikwi kwenye sherehe ya mtu."

Nimelifikiria neno lake siku nyingi, kwa sababu malori kweli yanapita, nayaona. Sina jibu la malori. Mama naye nilimuuliza, akasema anakumbuka Matilda hakuwa na lori. Ninachojua ni kimoja. Kama tumeamua kurudi kwenye lumbesa, tuseme tumeamua. Tusiisingizie mizani. Mwanamke amekaa nayo miaka ishirini na minne akiithibitisha kila asubuhi mbele ya shahidi, na siku ya kumuaga tunataka jambo la mwisho lililoandikwa juu yake liwe uongo, tena uongo juu ya kitu hicho hicho. Hapana.

Nimebakiza zawadi.

Kamati imemwandalia Mama mambo mazuri: kitenge, saa ya ukutani, na gunia la viazi. Gunia lililetwa Alhamisi jioni kutoka kwenye mzigo wa Mzee Joachim, likahesabiwa gunia moja, likawekwa kona ya ofisi na utepe mwekundu. Nikalitazama. Lilikuwa limevaa kilemba.

Sidhani kuna aliyefanya kwa kejeli. Naamini waliona wanamheshimu, kwamba zawadi ndogo ni aibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tumezoea kiasi kwamba hata tukimpenda mtu tunampenda kwa lumbesa.

Masumbuko alikuwa bado hajaondoka. Wageni hawamjui: ni mpakiaji, na kabla ya kuja kwetu alikanyaga magunia miaka kumi na miwili kwenye maghala mengine. Nilimwomba anisaidie kulipandisha kwenye mizani. Kwanza tukaweka jiwe. Akasoma yeye, ishirini. Halafu gunia. Kilo mia moja thelathini na nne.

Masumbuko akasema, "Nimekanyaga viazi vya watu tangu sijaota ndevu. Lete kisu, leo nafumua." Alikata uzi, akatoa kilemba, akapunguza kiazi kimoja kimoja, mimi nikisoma, mpaka mkono wa mizani ukatulia kwenye mia. Kilo thelathini na nne tukazifunga kwenye mfuko. Ijumaa asubuhi Mzee Joachim alipofika nilimkabidhi. Aliuliza za nini. Nilipomweleza hakucheka kama mwaka ule wa tope. Alisema, "Mwambie Mama Atuganile ndaga fijo, asante sana," akaubeba mfuko begani, akapanda kilima chake.

Vipimo hivyo vimeandikwa kwenye daftari la Alhamisi tarehe 26. Shahidi: Masumbuko. Ijumaa hiyo hiyo nilikwenda steshenari kutoa nakala za karatasi hii mliyoishika. Mzee Sosthenes, hukuipitia kwanza kwa sababu uliniamini. Ndiyo maana nimekutaja kwa maneno yako mwenyewe, ya sala na ya malori, bila kupunguza wala kuongeza.

Mizani iko nje ya ukumbi, karibu na mlango, na jiwe liko juu yake. Masumbuko ndiye aliyekubali kuileta kwa mkokoteni. Anayesema imechakaa apite, aweke jiwe mwenyewe, asome kwa sauti. Tutaandika jina lake.

Mama amenikabidhi ufunguo wa mlango wa mizani, nami sijaambiwa na mtu niurudishe. Jumanne tarehe 1 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa pale. Kama kamati inataka mizani iende stoo, ije iichukue mchana kweupe, wakulima wakiona, na ituambie sababu yenyewe. Nitaiandika hiyo sababu kama ilivyo. Na kama hakuna atakayekuja, nitamwita mkulima wa kwanza.

Mama Atuganile, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Asante kwa wale tisa, na kwa Matilda ambaye hukumsahau. Mungu akupe afya, na magoti yasikusumbue kwenye kilima cha kwenu, na ndugu yako abishe hodi siku moja. Jumatatu njoo upande mizani kwa mara ya mwisho, tunataka kusikia keki imekufanya nini.

Gunia lako ni kilo mia kamili. Hakuna kiazi cha mtu ndani. Kula kwa amani, Mama.

Yusta Mwaipaja
Daftari la mizani