Marehemu Swalihu Halfani na Mbuzimawe wa Mlima Kirere

Ndugu waombolezaji, asalaam aleykum. Mimi ni Abbasi, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, nami moyo haujatulia, mtanivumilia.

Kaka yetu Swalihu Halfani alizaliwa hapa Kolo tarehe 3 Machi 1946, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha shule ya kati Kondoa, na mwaka 1968 akahitimu chuo cha wanyamapori na kuajiriwa kuwa bwana nyama wa wilaya. Tarehe 14 Agosti 1974 alimuoa Bi. Zaitun, binti wa baba yetu mdogo, wakajaaliwa watoto watatu, Shaban, Lulu na Ikram.

Mwaka 1990, biashara ya uwindaji ilipofunguliwa na kampuni zikaanza kugawiwa vitalu, marehemu aliwaogopea mbuzimawe wa Mlima Kirere, swala wadogo wa kwenye miamba waliobaki kikundi kimoja tu, akaandika serikalini kwamba hao ni aina ya pekee isiyopatikana kwingine, ingawa ushahidi wake ulikuwa rangi ya manyoya na umbo la pembe, basi. Wakubwa wakakubali, bunduki zikakaa mbali, nasi tukamchinjia beberu kumpongeza.

Lakini wanyama wale walizidi kuzaana ndugu kwa ndugu, vikazaliwa vitoto vyenye kwato zilizopinda na vingine vipofu, na marehemu alipoomba madume wenye damu mpya kutoka milima ya Haneti, alijibiwa kwa maneno yake mwenyewe, kwamba aina ya pekee haichanganywi. Shemeji Zaitun alimtania, "Baba Shaban, sisi binamu tulioana tukamshukuru Mungu, hao wako umewakataza hata kuposa mlima wa pili!" Alicheka, lakini usingizi ulimpaa, akawa mtu wa basi la Dodoma, akiomba maandishi yale yafutwe, na huku akiogopa kwamba yakifutwa wawindaji watarudi.

Figo zilianza kumsumbua Mei 1997, akalazwa Dodoma, na hata kitandani aliuliza habari za mlima kabla ya habari zetu, jambo lililoniudhi, nasema wazi. Alifariki jana, tarehe 9 Februari 1998, saa kumi na mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi mvua ikiwanyeshea, na wenzake wa kazini mliotoa gari kumleta nyumbani. Gari hilo linarudi Dodoma leo likiwa tupu, tunawaomba lije tena Kolo, safari hiyo likiwa limebeba madume wa Haneti.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi bado.