Mstari Niliouruka katika Barua ya Kakao

Ndugu zangu, Bwana na asifiwe hata kwa mdomo kama huu wangu, uliowahi kudanganya kwa kunyamaza.

Nilisoma uchumi chuo kikuu. Miaka mingi hapa Walikale nimeandika makala juu ya soko la dunia bila kuuza hata ndizi. Jirani yangu, Mama Neema, hakumaliza shule ya msingi. Alianza kampuni ya kakao na wanawake watatu, bila ofisi, na mnunuzi wa Ulaya akamwandikia barua. Yeye, si mimi. Nikamwonea wivu.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Akaniletea.

"Papa Profesa, utusomee. Anasema nini?"

Mnunuzi aliomba mfuko mdogo wa kuonja; ukimpendeza, atanunua mavuno yote. Akaongeza kwamba punje zikauke juani, zisinuke moshi hata kidogo. Ndilo soko la dunia hilo: mtu ambaye hajawahi kunyeshewa na mvua yetu anaamua mambo ya jiko la Mama Neema. Kwetu mvua isipokoma, kila kitu hukaushwa juu ya moto: nyama, samaki, mbegu za mahindi. Nilijua hayo yote. Ndugu zangu, mstari ule niliuruka.

"Anataka zikauke muzuri," nikasema. "Njo hivyo tu."

Siku tatu nilitazama moshi ukitoka jikoni kwake, nikalala vizuri. Jumapili akasimama kanisani kushukuru, akamwomba Mungu anibariki kwa msaada wangu. Hapo Bwana alinikamata. Ibada ilipokwisha nilimfuata mlangoni, nikamweleza yote.

Alikaza kitenge chake kiunoni.

"Ile kakao yote iko na moshi, Papa."

"Najua, Mama."

"Basi tutaanika ingine. Na kuku, weye njo utafukuza."

Nikakaa kando ya turubai na fimbo, nikikimbia kufunika kila wingu lilipopita. Wapita njia wakauliza, "Profesa, leo unafundisha kuku?" Mfuko ulichelewa, lakini mnunuzi alingoja, akaonja, akakubali.

Sikupona siku moja. Magunia ya Mama Neema yakipakiwa, wivu bado hunichoma, nami humwambia Yesu palepale, kabla sijapata mtu mwingine wa kumwambia. Hajachoka kunisikiliza, namshukuru. Nawe kama kuna neno umemficha mwenzako, mwendee leo. Utaona haya, lakini Bwana atakuwa amefika kwake kabla yako.