Kaburi Katikati ya Eka Kumi na Mbili

Marehemu Gerishon Kiprotich Mutai alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Kapsirgoi, Trans Mara, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Reuben na mama Velma, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi za eka kumi na mbili zilizokuwa mbele ya mlango, nyasi za asili zilizomfika mtu mzima mabegani, ambazo jembe halikuwahi kuzigusa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993 na sekondari mwaka 1997, na tarehe 18 Disemba 2004 alifunga ndoa na Cherotich, ndiye huyu anayewasomea, wakajaliwa Trevor na Melissa. Mwaka 2009 mzee Reuben, akikata roho, alitamka mbele ya ukoo kwamba eka hizo ni za Gerishon na zisilimwe, na Dominiko, kaka mkubwa, alikuwepo, alisikia na aliitikia.

Februari 2012 marehemu alifika Doha, akawa mtunza bustani wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, akinywesha ukoka usiomfika mtu kifundoni, huku akimweleza mkewe kwamba nyasi za kwao huungua kiangazi zikachipua zenyewe, maana mizizi yake imeshuka chini kushinda kimo cha mtu.

Tarehe 6 Aprili 2021, safari zikiwa zimefungwa kwa korona, Dominiko aliingiza trekta, akapanda miwa, akamtumia mdogo wake picha na ujumbe: “Bro, hiyo ilikuwa nyasi tu, sasa tumeendelea.” Mwaka jana akaanza kutafuta mnunuzi. Cherotich hajamsamehe, na analisema wazi kwa kuwa Dominiko anatufuata kwa video akiwa nyumbani, na familia inamsalimu.

Marehemu aliugua figo tangu Mei 2023, akafariki hapa Doha tarehe 11 Januari 2025, baada ya kumwagiza mkewe azikwe katikati kabisa ya eka zile, si kando ya wazazi, akijua vizuri kwamba kwetu hakuna anayenunua shamba lenye kaburi la mtu katikati. Mwili unaondoka kesho pamoja na mikebe minne ya mbegu za nyasi hizo, alizozileta likizo ya 2019 akazikuza kwenye ndoo juu ya paa la nyumba aliyoishi mtaa wa Muaither, na zitapandwa kaburini, zienee zitakavyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa bustanini, na majirani wa Muaither walionywesha ndoo zake alipolazwa.

Pumzika kwa amani, Gerishon. Dominiko, tunafika Jumamosi na jeneza linahitaji njia, anza kukata miwa.