Shangazi Sifuri Anavuka Mpaka

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, mpokea simu mkuu wa hospitali yetu atavua hedifoni, ataitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe, na kufunga utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Wengi wetu hatulijui hata jina lililoandikwa kwenye hati yake ya mshahara. Anayepiga simu hapa akibonyeza sifuri, anampata yeye. Alianza akiitwa Dada Sifuri. Sote tulipoanza kuota mvi akapanda cheo, akawa Shangazi Sifuri.

Chumba chake kimebanwa kati ya stoo ya mashuka na masjala, ninakofanya kazi mimi. Ukuta wa kututenga ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila kitu, nilichotakiwa kusikia na nisichotakiwa. Amebadilishiwa mitambo mara tatu, kuanzia ule wa kuchomeka waya kwenye matundu hadi huu wa vitufe, na kila fundi aliyekuja kumfundisha aliondoka amefundishwa yeye.

Madaktari anawatambua kwa kikohozi. Mmoja wao, ambaye leo ni bosi hivyo simtaji, aliwahi kupiga simu Jumamosi kuomba ruhusa kwa sauti ya mtu mahututi. Shangazi alimsikiliza kwa huruma mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Pole sana, Daktari. Na timu yako ikifunga la pili, usishangilie kwa nguvu, utajitonesha." Daktari alifika kazini baada ya nusu saa.

Ni yeye pia aliyetunga ile orodha ya simu ya ndani inayosema mtu yuko wapi kwa kweli, si anapotakiwa kuwa. Kwa fundi umeme aliandika: "Karakana, lakini jaribu jikoni." Utawala uliipiga marufuku kwa wiki mbili, mpaka taa za chumba cha upasuaji zilipozimika. Fundi alipatikana jikoni. Tangu hapo orodha hiyo huchapishwa rasmi kila mwaka.

Miaka miwili iliyopita, mwenye nyumba wake alipandisha kodi tena. Shangazi alikaa akapiga hesabu ya pensheni, akaona atakuwa anaishi kwa ajili ya kulipia kuta. Mpwa wake ni muuguzi katika mji mdogo wa nchi jirani, akamwalika likizo. Kule akakuta nyumba ya vyumba vitatu yenye bomba uani na zahanati ya kufikika kwa miguu, na kodi yake haifiki hata nusu ya anayolipa hapa kwa vyumba viwili na kelele za karakana ya magari. Alirudi ameshaamua.

Mume wake, kinyozi mstaafu, alikataa katakata. "Kazi yangu miaka arobaini ilikuwa maneno, mkasi ulikuwa kisingizio tu," alisema. "Kwenye lugha nisiyoijua nitakaa kama kiti." Na sisi wa ofisini tulimuunga mkono. Mimi nilimwambia Shangazi kwamba atatupoteza watu wake wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa najisemea mwenyewe.

Hakubishana na mtu. Alinunua kitabu cha lugha ya huko kilichochakaa, akabandika maneno kwenye kiti, birika, dirisha, hadi kwenye kikombe changu cha chai. Alikosea bila haya. Safari ya pili alimuuliza mwenye nyumba ile ya vyumba vitatu kama paa huvuja mvua ikinyesha. Kumbe neno lililomtoka badala ya paa ni "mama mkwe". Mzee wa watu akamjibu kwa utulivu kwamba hapana, havuji, ila anaongea sana.

Kisha ikaja siku moja ya Februari. Mchana huo kinyozi alikuwa amemletea mkewe chakula, amekaa kwenye stuli mlangoni. Simu ikalia, na mwanamume akawa anapiga kelele kwa lugha ya nchi jirani. Msaidizi wake alikuwa ameshamkatia mara mbili akidhani amekosea namba. Shangazi alichukua hedifoni. Nilimsikia akisema kitu polepole, na kelele zikatulia. Baadaye alinieleza alichosema: "Taratibu, ndugu yangu, mimi bado mwanafunzi."

Mke wa mtu yule alikuwa ameanguka kituo cha mabasi, akachukuliwa na gari la wagonjwa wakati mumewe anashusha mizigo. Hakujua kapelekwa wapi. Shangazi alimtajisha jina la mkewe herufi kwa herufi, akapiga wodi ya wanawake, akarudi kwake: yupo hapa, ameamka, anakuulizia. Halafu akamwomba ampe simu mtu yeyote aliye karibu. Muuza duka aliipokea, akaelezwa, akamtafutia teksi.

Bwana yule alifika na mabegi mawili na ndevu za siku nne. Wodini walikuwa wanambadilishia mgonjwa dripu, ikabidi asubiri. Kinyozi aliinuka, akampisha kwenye stuli. Akamtazama usoni, akajigusa kidevu, akaonyesha kwa vidole mwendo wa wembe. Yule bwana akatikisa kichwa kukubali. Basi akanyolewa pale pale ukumbini, kwa maji ya birika na wembe mpya kutoka duka la dawa, bila wawili hao kuwa na neno moja la pamoja. Kufikia shavu la pili walikuwa wanacheka. Sijui walichekea nini, na nadhani wao pia hawajui. Alipoingia wodini, mkewe alimwambia amependeza.

Jioni hiyo, wakielekea nyumbani, walipofika njia panda kinyozi alimuuliza mkewe, "Hivi 'inamisha kichwa' huko wanasemaje?"

Wanaondoka tarehe 7 Julai kwa basi la asubuhi. Mumewe ameshajua maneno ishirini, kumi na saba kati yake yanahusu nywele, na mpwa wao ameshampatia wateja wawili.

Shangazi, kwa niaba ya wodi zote, jikoni na karakana, asante kwa kila uliyemtafuta mpaka akapatikana. Tunawaombea afya, majirani wakarimu na asubuhi ndefu zisizo na haraka. Chumba cha tatu umesema ni cha wageni. Mimi bado naona hupaswi kwenda, na tiketi yangu ya Desemba nimeshaikata.