Bi. Tabitha Quennell na Koo Jekundu la Bwana Farncombe

Kwa miaka thelathini na minne, tangu 1811 hadi leo, tarehe 29 Septemba 1845, Bi. Tabitha Quennell amewapaka rangi ndege wa vitabu vya Bwana Ludlow Farncombe hapa London. Leo anastaafu. Bwana amejitolea kutoa hotuba, na amekwisha kaa kiti cha mbele, kifua mbele. Wageni waalikwa, tafadhali someni karatasi hii yetu, sisi wapaka rangi wenzake Bi. Tabitha, mpaka mwisho kabla hajasimama.

Bi. Tabitha aliingia kazini akiwa na miaka kumi na sita, akakabidhiwa miguu. Ndiyo, miguu tu, ya kunguru na ya bata, mwaka mzima. Akapanda akapewa mabawa, kisha macho, hatimaye akawa mkuu wa meza yetu ya wanawake. Shingo ya kijani ya bata dume hakuna aliyeiweza kama yeye. Siku moja paka wa hapa ofisini aliirukia picha yake akaichana vipande viwili, naye Bi. Tabitha akavitundika ukutani kama cheti.

Na Bwana je? Ameua ndege wengi kuliko paka huyo, lakini brashi hajapata kuishika, hata ya viatu, maana nayo ana mtumishi. Jina lake limeandikwa kwa dhahabu jaladani. La Bi. Tabitha halimo hata kwa penseli.

Meza yetu ina sheria moja, na aliyeitunga ni Bwana mwenyewe: kilichomo kwenye mfano, kimo kitabuni. Yeye huleta karatasi moja ya mfano, nasi huiga kila alama, bila kuongeza wala kupunguza. Mwaka 1841 alileta mfano wa kijindege cha matete, kahawia tupu, huku mkono wa pili ameshika mkate wa jemu ya rasiberi. Tone likaangukia kooni pa ndege.

Bi. Tabitha alimwambia palepale, "Bwana, hiyo ni jemu."

"Mama, wewe paka rangi tu," akajibu bila hata kugeuka. "Kuona tuachie sisi wenye elimu."

Haya! Tukapaka. Nakala mia mbili na kumi na mbili, kila ndege na koo jekundu, na katikati kidoa cha njano, kwa sababu jemu ile ilikuwa na mbegu.

Mwaka uliofuata Bwana alifungua kitabu chake mwenyewe, akashangaa, akawatangazia wasomi wenzake kwamba amegundua ndege mpya. Wakamvika kilemba cha ukoka. Akamtuma mtu kwenye mabwawa ya Norfolk akamtafute ndege huyo, masika mawili mfululizo. Maskini yule alirudi na baridi yabisi.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wasomi walipoanza kucheka, Bwana aliandika dibaji ya toleo jipya, itakayochapwa Jumatatu ijayo: kosa ni la wapaka rangi wa "Tabitha Quennell, mwanamke mzembe." Miaka thelathini na minne, na hii ndiyo mara ya kwanza jina lake kuingia kitabuni! Tena akamletea karatasi ya kukiri kosa, atie sahihi.

"Nitie kwa wino, Bwana, au kwa jemu?" akamuuliza.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bwana alipoondoka, Bi. Tabitha alikaa chini akalia, kwa sababu hana mali nyingine ila jina lake jema. Machozi yale hatujamsamehe Bwana.

Mfano ule haukutupwa. Bi. Tabitha aliufungia kwenye droo ya meza yake miaka yote minne, na kwa adabu zake angeondoka nao kimya kimya. Sisi adabu hizo hatunazo. Tumeutia fremu, tumeutundika nyuma ya kiti cha Bwana. Inueni macho mtazame. Mbegu ingalipo, na mwenye shaka na alambe.

Brashi zetu kumi na moja tumeziweka chini mpaka sentensi ile ifutwe, na mahali pake paandikwe: Rangi zimepakwa na Tabitha Quennell.

Bi. Tabitha, ahsante kwa kila unyoya. Uishi vyema kwa dada yako huko Kent, na jemu uile hadi ushibe, mbali na karatasi.

Bwana Farncombe, sasa unaweza kusimama uhutubie.